MJADALA: Kuacha kutangaza idadi ya wagonjwa wa Korona kulitutuliza au kulitutesa?

Mtoa mada (Mtwara Mjini)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kijiweni kwetu Chikongola kuna ubishi haujaisha. Mwenzangu anadai Watanzania tulinusurika kiakili kwa sababu takwimu zilikoma kutangazwa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020. Hesabu yetu ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 zaidi ya mwaka. Anasema wa nchi nyingine, waliofungiwa ndani na kusomewa vifo kila jioni, ndio waliopata sonona, na ushahidi wake ni taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2022: mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Mimi nakataa. Hofu haikuondoka, ilihamia msibani. Kwetu mtu akija kuhani lazima aulize: "Kaanzaje?" Mfiwa anasimulia homa ilivyoanza, nani alikwenda kutafuta bodaboda, marehemu alisema nini mwisho. Anasimulia kwa huyu, kwa yule, mpaka moyo unapoa. Mwanzoni mwa 2021 nimehudhuria misiba ambayo wanaume wamesimama mbali chini ya mkorosho, mfiwa yuko jamvini peke yake, na hakuna anayeuliza kitu. Watu walizika, simulizi ikabaki kooni. Hapo akili inapona vipi?

Mkulima (Tandahimba)
Mkuu, unaongea kama mtu wa mshahara. Aprili ile redio ikitaja idadi, mama yangu halali. Zilipokoma akarudi shambani, akala, akacheka. Kilichotukondesha huku ni korosho. Mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa ni India, na India ilijifungia Machi 2020. Sisi tunapuliza salfa (dawa ya mikorosho) ya mkopo, hatujui kama mnadani atatokea mtu. Na maumivu ya 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 kilo halafu wengine tukasubiri hela hadi tukachoka, yalikuwa bado mabichi. Hiyo ndiyo sonona yangu. Takwimu za Korona zingenilipia salfa?

Muuguzi (Lindi)
Naomba hiyo asilimia 25 muiache wote wawili. Utafiti wenyewe ulitoka kwenye jarida la Lancet Oktoba 2021, na ulikadiria kwa kuangalia maambukizi na jinsi watu walivyopunguza kutembea. Takwimu nyingi zilikuwa za nchi tajiri. Afrika kusini mwa Sahara karibu hazikuwepo. Kwa hiyo haisemi tulipona, wala haisemi tuliumia.

Ninachokijua ni cha dirishani. Mama anakuja: "Nesi, moyo unanienda mbio, usingizi sipati, kichwa kinawaka moto." Anapimwa malaria, anapimwa presha, anapewa panadol, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kafiwa na nani. Daftarini hakuna mgonjwa wa akili hata mmoja, kisha mnasema tulikuwa salama!

Mzee wa Mikindani
Mnasahau jambo. Aprili 2020 tulipewa siku 3 za maombi, na misikiti na makanisa havikufungwa. Wenzetu Ulaya walitazama maziko ya wazazi wao kwenye simu. Sisi tulibeba jeneza wenyewe.

Mtoa mada
Shikamoo mzee. Hapo nakuunga mkono, msikiti ulitubeba. Lakini angalia: Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipougua, chama chake cha ACT-Wazalendo kilisema wazi ni Korona. Akafariki tarehe 17 Februari 2021, watu wakalia wakijua wanalia nini, na nchi haikupata wazimu. Uvumi ndio unaokesha na mtu. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Msumbiji walipoingia Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, huku mjini nani alilala? Kila simu ilikuja na idadi yake. (Nesi, la dirishani umenifunga mdomo, nitalirudia.)

Mkulima (Tandahimba)
Kitaya ni bunduki, usichanganye. Nikuulize hili tu: wangetangaza 2021 kwamba jirani yako kafa kwa Korona, ungekwenda kukaa jamvini na mkewe?

Mtoa mada
Ningekwenda na barakoa. Jamvini sina hakika.

Muuguzi (Lindi)
Angalau ungempigia simu ukamuuliza kaanzaje. Hilo nalo halikufanyika.