Mtoto wa makao ameniomba nimchukue nikakae naye, nimjibuje?

Binti_Nyakato: Habari zenu wakuu. Niko Mwanza. Jumamosi huwa najitolea kwenye makao ya watoto waliokuwa wanalala stendi ya Nyegezi na mwaloni Kirumba. Napika, nafua, nawafundisha hesabu wanaojiandaa kurudi shule. Kuna mmoja wa kama miaka kumi, katokea Shinyanga kwa kudandia lori. Amenizoea sana. Wiki iliyopita akaniambia, "Anti, nichukue nikakae kwako, nitakuwa naosha vyombo." Nimemwahidi jibu Jumamosi hii. Chumba kipo, mume wangu hana kipingamizi. Nimchukue tu?

Ngosha_wa_Igoma: Mchukue dada, Mungu atakulipa. Wangapi tumelelewa na watu baki? Ukisubiri ofisi, mtoto atatoroka tena.

MamaKulwa: Ngosha, hapana. Mtoto wa makao yuko chini ya afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka njia ya malezi ya kambo: mnaomba, wanakuja kuona nyumba, wanaongea na mumeo pia. Ukimbeba kienyeji, siku ndugu wakijitokeza utajieleza polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Halafu muulize mlezi wa zamu kama kwao wameshatafutwa. Wengi wana bibi au mjomba anayewalilia. Waliondoka kwa kipigo au njaa, si kwamba hawana kwao.

Mdogo wangu, hayo maneno ya vyombo yameniumiza. Huyo mtoto anaamini pa kulala panalipiwa kwa kazi. Hata kabla ya habari za kuhama, mwambie hadaiwi chochote.

Makoroboi_Zamani: Mimi nimelala nje mjini hapohapo. Wageni walikuja na biskuti, wakapiga picha na sisi, hatukuwaona tena. Mtoto wa mtaani anamjua mtu kwa kurudi kwake. Kwa hiyo Jumamosi nenda, hata kama jibu lenyewe ni "bado naulizia". Usimpe hela kwa siri, usiku wakubwa watamkaba wamnyang'anye. Na viatu usimnunulie peke yake, utamtengenezea maadui.

Binti_Nyakato: Asanteni sana, hasa wewe kaka wa Makoroboi. Nitaomba ruhusa kazini niende ustawi. Naenda moja kwa moja au napitia kwa mwenyekiti wa mtaa?

MamaKulwa: Anza na mkuu wa makao, yeye ndiye anajua faili la mtoto liko kwa afisa gani. Nenda na mumeo, msipeleke habari nusu. Barua ya mtaa wakiitaka watakuambia. Wenzake wasijue kabla yake, maana ombi likikataliwa watamcheka. Na ukikuta mwingine bado analala stendi usiku, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.