Naomba ushauri: macho yamezeeka, kilengeo cha mbele cha bunduki sikioni vizuri

Habari zenu wakuu. Jicho langu la kulengea haliwezi tena kuona wazi vitu vya karibu. Nikiiona shabaha vizuri, kile kijiti cha mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kinakuwa ukungu mtupu. Miwani ya kusomea haisaidii, maana imepimwa kwa umbali wa kitabu, na kijiti kiko mbali zaidi ya hapo. Darubini sitaki, napenda vilengeo vya chuma na natamani niendelee navyo.

Ninafikiria kupaka kijiti rangi nyeupe kwanza, halafu ya chungwa kali juu yake, ili ing'ae zaidi. Wasiwasi wangu ni jua la ubavuni: upande mmoja ukimetameta, jicho hufuata mwanga na risasi huenda kando. Halafu mafuta ya kusafishia bunduki, je, hayaibandui rangi hiyo?

Njia inayonivutia zaidi ni kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo. Tundu hubana mwanga, hivyo kijiti na shabaha vyote huonekana wazi zaidi bila kubadili miwani. Ila jioni tundu dogo hutia giza, kwa hiyo ukubwa wake sijui niuchague vipi.

Kuna pia lenzi dhaifu, +0.50 au +0.75, kwa jicho la kulengea tu. Aliyewahi kuitumia, shabaha ya mita 100 bado unaitambua? Na mpimaji macho ulimweleza nini akakuelewa?