Nikiona hitilafu ndani ya Python, nani huipokea na nani huitengeneza?

KaraniWaMizani aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu kabla sijatuma ripoti ambayo huenda ikawapotezea watu muda. Ninatunza programu ndogo niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa ajili ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mizani ya mapokezi hupima hadi gramu, kisha programu hukadiria uzito hadi desimali mbili na kuuandika kwenye ukurasa wa mkulima. Wiki iliyopita mama mmoja alileta masalia ya mavuno yake, kilo 2.675. Karani mwenzangu anayeandika kwa kalamu aliandika 2.68, kama tulivyofundishwa shuleni, lakini programu iliandika 2.67, na yule mama akauliza kwa haki kabisa gramu zake zimekwenda wapi.

Usiku nilifungua kompyuta nikaandika round(2.675, 2), yaani amri ya kukadiria namba hadi desimali mbili, nikapata 2.67. Nilijaribu kwenye kompyuta nyingine yenye toleo tofauti, jibu likawa lile lile. Kwa hiyo nadhani nimeona hitilafu, ila sijui utaratibu. Najua kwamba Python ni lugha ya chanzo huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote, na kwamba wengi wanaoitunza wanajitolea. Nani basi huisoma ripoti kama yangu, nani huamua kwamba hii ni hitilafu kweli, na nani hukaa chini kuitengeneza? Tena, mtu kama mimi asiyejua lugha ya C, ambayo kiini cha Python kimeandikwa kwayo, anaweza kuwasaidia kwa lolote, au kazi yake ni kusubiri tu?

MwalimuWaNamba alijibu:

Ndugu Karani, umefanya vizuri kuuliza kwanza, kwa sababu hilo la round limeripotiwa mara nyingi mno, na jibu lake limo katika maelezo rasmi ya fanksheni hiyo, yakitumia mfano huo huo wa 2.675. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa mfumo wa mbili, na katika mfumo huo 2.675 haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu za kawaida. Kinachohifadhiwa ni namba iliyo jirani nayo, ambayo huanza 2.67499999999999982. Hiyo iko chini kidogo ya nusu, kwa hiyo kuikadiria kuwa 2.67 ni sahihi kwa namba iliyohifadhiwa, ingawa si sahihi kwa namba iliyosomwa kwenye mizani.

Dawa yako ni moduli ya decimal, kifungu cha msimbo wa hesabu za desimali kilichomo katika maktaba sanifu inayokuja na Python yenyewe. Ila soma uzito kama maandishi, yaani Decimal('2.675') ukiwa na alama za nukuu, kwa sababu ukiandika Decimal(2.675) bila alama hizo utakuwa umeingiza kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Halafu unapotumia quantize, amri ya kukadiria ya moduli hiyo, taja ROUND_HALF_UP (nusu ipande juu) waziwazi. Usipoitaja, moduli hukadiria nusu kuelekea tarakimu shufwa: 2.675 itakuwa 2.68 na utafurahi, lakini siku ya 2.665 utapata 2.66 na mkulima mwingine atakuja kuuliza.

Mchambuzi_Ripoti alijibu:

Mwalimu amemaliza suala la mizani, nami nitajibu lile la utaratibu, kwa kuwa kwa muda sasa nimekuwa nikitumia jioni zangu kupitia ripoti za Python.

Kwa miaka mingi ripoti ziliandikwa kwenye bugs.python.org, palipoendeshwa na Roundup, programu ambayo nayo imeandikwa kwa Python. Msimbo wenyewe ulihamia GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja, mwaka 2017, na ripoti zikaufuata mwezi Aprili 2022, za zamani zikiwa zimehamishwa pamoja na mazungumzo yake, hivyo leo unaweza kusoma watu walivyobishana juu ya jambo fulani miaka kumi na mitano iliyopita. Hilo si dogo. Ripoti ya zamani hueleza sababu ambayo msimbo peke yake hauwezi kukueleza.

Ripoti mpya ikiingia, hakuna ofisa aliyepangiwa zamu ya kuipokea. Huisoma yeyote aliyepo. Baadhi yetu tumepewa ruhusa ya kuweka lebo na kufunga ripoti bila kuwa na ruhusa ya kugusa msimbo, kundi lililoanzishwa mwaka 2019 ili kuwapunguzia mzigo waendelezaji wakuu, wale wenye ruhusa ya kuubadilisha msimbo. Lebo husema ni jambo la aina gani (hitilafu, ombi la kipengele kipya, programu kuzimika ghafla), limegusa sehemu gani, na linaonekana katika matoleo yapi. Baada ya hapo huja kazi ambayo kwangu ndiyo kiini cha shughuli nzima, yaani kulifanya tatizo litokee tena mbele ya macho ya mtu mwingine. Tatizo ambalo halijatokea kwa mtu wa pili bado ni habari tu.

Niwape mfano. Jioni moja nilikuta ripoti yenye mistari zaidi ya mia tatu ya msimbo, mwandishi akisema moduli ya random, ya kupata namba za bahati nasibu, imeharibika kwa kuwa Python inadai kwamba amri yake iitwayo random.randint haipo. Nilianza kupunguza. Niliondoa hifadhidata, tatizo likabaki; nikaondoa madirisha na vitufe, likabaki; nikaendelea hadi nikabakiwa na mistari miwili, na hapo kwenye kompyuta yangu halikutokea kabisa. Nilimwomba mwandishi anitajie mafaili yote yaliyomo katika folda yake. Jina la faili alilokuwa akiliendesha lilikuwa random.py. Python ilikuwa ikiliita faili lake yeye badala ya moduli ya maktaba, na bila shaka ndani ya faili hilo randint haikuwemo.

Haikuwa hitilafu, na ripoti ikafungwa. Lakini kosa hilo limewanasa wanafunzi wengi sana, na tangu toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, ujumbe wa kosa wenyewe humweleza mtu kwamba faili lake lina jina sawa na moduli ya maktaba sanifu na kumshauri alibadilishe. Ndiyo maana siichukulii ripoti ya namna hiyo kuwa imetupotezea muda. Wengi wanapojikwaa kwenye kisiki kimoja, hata kama kisiki hakijavunja sheria yoyote, kipo cha kufanya.

Hitilafu ikithibitika, hatua inayofuata hutegemea imeanza lini. Ikiwa toleo la zamani lilikuwa zima na jipya lina tatizo, tunatumia git bisect, ambayo hugawa historia ya mabadiliko nusu kwa nusu na kukuuliza kila mara kama tatizo lipo au halipo. Kwa mabadiliko elfu moja, majaribio kama kumi yanatosha kulipata lile lililoleta madhara. Ndipo mtu yeyote, si lazima awe mwendelezaji mkuu, anapoandika marekebisho na kuyatuma yakiwa na namba ya ripoti. Marekebisho hayo yanapaswa kuambatana na jaribio linaloshindwa kwenye msimbo wa zamani na kufaulu kwenye mpya, ili hitilafu ile ikirudi miaka mitano baadaye kwa mkono wa mtu asiyeijua, jaribio lipige kelele. Huambatana pia na aya fupi ya habari kwa watumiaji, na mara ya kwanza mchangiaji hutia saini mkataba wa kuruhusu mchango wake utumike.

Kisha huja kungoja. Sitakuficha, Ndugu Karani: hapa ndipo penye foleni ndefu. Wapo watu wengi wa kuandika marekebisho kuliko wa kuyahakiki, kwa sababu mhakiki hana budi kufikiria kila programu duniani ambayo huenda inategemea tabia ile ya zamani. Python Software Foundation, taasisi inayoisimamia Python, iliona uzito huo, na mwaka 2021 ikamwajiri Łukasz Langa kuwa mwendelezaji wa kudumu anayelipwa, sehemu kubwa ya kazi yake ikiwa kupunguza mrundikano huo. Hata hivyo ripoti zilizo wazi bado ni maelfu.

Mhakiki akiridhika, marekebisho huunganishwa kwenye tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo, roboti iitwayo miss-islington huandaa nakala zake kwa matoleo ya nyuma ambayo bado yanatunzwa, na kompyuta za aina mbalimbali zilizotolewa na wanaojitolea huendesha majaribio yote upya. Mara nyingine kitu kinachofanya kazi Linux huanguka Windows, na safari inaanza tena.

MlinziWaSeva alijibu:

Naongezea mambo mawili, la pili likiwa la kumpinga kidogo Mchambuzi.

Kwanza, ukiona tatizo ambalo mtu mbaya anaweza kulitumia kuingilia kompyuta ya mwingine, usiliandike hadharani. Ipo anwani ya pekee, security@python.org, inayosomwa na kundi dogo linaloandaa marekebisho kabla habari haijasambaa.

Pili, Mchambuzi amesimulia kana kwamba kufungwa kwa ripoti ni mwisho wa jambo. Moduli ya tarfile, inayofungua vifurushi vya tar (mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja), inaonyesha vinginevyo. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba mtu akifungua kifurushi cha tar chenye faili ambalo jina lake limeanza kwa nukta mbili na mkwaju, yaani ../ mara kadhaa, Python hulitii jina hilo na kuandika faili nje ya folda iliyokusudiwa, hata juu ya mafaili muhimu ya mfumo. Waliolijadili walisema, na hoja yao ilikuwa na mantiki, kwamba moduli inafanya kile ambacho muundo wa tar unaruhusu, na kwamba anayefungua kifurushi asichokiamini amejitakia. Liliwekwa onyo kwenye maelezo, na ripoti ikafungwa.

Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Trellix walilikuta tena, wakaonyesha jinsi msimbo mwingi uliokuwa ukifungua vifurushi bila kujilinda ulivyoenea. Onyo lilikuwepo miaka yote hiyo, ila waliolisoma walikuwa wachache. Safari hii liliandikwa pendekezo rasmi, namba 706, nalo likaleta kichujio cha kukataa mafaili ya hatari wakati wa kufungua kifurushi: toleo la 3.12 la mwaka 2023 lilianza kuwaonya wasiochagua kichujio, matoleo ya nyuma yaliyokuwa bado yakitunzwa yakapewa uwezo huo huo, na katika toleo la 3.14 la Oktoba 2025 kichujio salama ndicho kinachotumika mtu asipochagua. Hata hivyo, mwezi Juni 2025 ilibidi kichujio chenyewe kizibwe mianya iliyogunduliwa ndani yake.

Mtu anaweza kukasirika kwamba imechukua miaka kumi na minane. Mimi pia nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa na seva zinazopokea vifurushi kutoka kwa wateja. Lakini nilipoyasoma mazungumzo yote niliona ugumu wao: wangezuia ghafla, programu za watu wanaohifadhi nakala za mifumo yao, ambao wanahitaji njia hizo na haki za mafaili jinsi zilivyo, zingevunjika asubuhi moja bila wao kukosea lolote. Hatua zile tatu, kuwezesha, kuonya, kisha kubadilisha, ndizo gharama ya lugha inayotumiwa na watu usiowajua. Ninacholaumu bado ni kuamini kwamba onyo kwenye ukurasa wa maelezo linatosha.

Mchambuzi_Ripoti alijibu:

Nimekubali, Ndugu Mlinzi. Kufunga ripoti ni uamuzi wa siku ile kwa ushahidi wa siku ile, na anayeleta ushahidi mpya ana haki ya kuifungua tena.

KaraniWaMizani aliandika:

Asanteni sana. Nimebadilisha programu, sasa inasoma uzito kama maandishi na kutumia ROUND_HALF_UP. Nimepitia pia rejista ya msimu mzima na kuwarudishia wakulima wote gramu zilizopungua, yule mama akiwa wa kwanza. Ripoti sitaituma.

Nimebakiwa na swali moja. Kiingereza changu cha kuandika ni cha mashaka, na C siijui. Nianzie wapi, ikiwa nataka kusaidia kweli?

Mchambuzi_Ripoti alijibu:

Anzia kwenye ripoti za zamani ambazo hazijaguswa kwa miaka mitatu au minne. Chagua moja yenye msimbo mfupi ndani yake, uendeshe kwenye toleo jipya kabisa, kisha uandike mambo manne tu: toleo ulilotumia, mfumo wa kompyuta yako, msimbo ulioendesha, na matokeo yote bila kuyafupisha. Hapo Kiingereza kinachohitajika hakizidi sentensi mbili. Ukikuta tatizo halitokei tena, mwendelezaji ataifunga akiwa na uhakika. Ukikuta bado lipo, anajua halijazeeka. Usiandike kamwe kwamba jambo linawaudhi watumiaji au limechelewa mno, kwa sababu anayesoma ametoka kazini kwake na hiyo ndiyo saa yake ya kupumzika.

KaraniWaMizani aliandika:

Jumamosi nimejaribu tatu. Mbili bado zipo, nami nimeandika kama ulivyoelekeza. Ya tatu, iliyohusu kusoma faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) lenye mistari mitupu mwishoni, haikutokea kwenye 3.14 wala kwenye 3.13, kwa hiyo nikaweka matokeo ya matoleo yote mawili. Leo asubuhi nimekuta imefungwa, na chini yake mtu nisiyemjua ameandika neno moja la shukrani.