Chesi na jinzi: kanuni za mavazi zibaki au zifutwe?

Mleta mada: Wakuu, hili tuliweke mezani. Desemba 27, 2024, New York, kwenye ubingwa wa dunia wa chesi ya haraka (rapid), Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa zamani, alicheza amevaa koti, shati na jinzi. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia, zilikataza jinzi. Akapigwa faini ya dola 200 na kutakiwa akabadilishe. Akasema atabadilisha kesho yake. Waamuzi wakakataa, raundi ya 9 hakupangiwa mpinzani, naye akajitoa. Siku hiyohiyo mchezaji mwingine, Ian Nepomniachtchi wa Urusi, alitozwa faini kwa sababu ya raba. Akaenda kubadilisha, akarudi kucheza. Swali langu: suruali ya mtu inamhusu nini mwamuzi?

Mwamuzi: Inamhusu kwa sababu imeandikwa. Ibara ya 12.9 ya Sheria za Chesi inampa mwamuzi ngazi za adhabu: onyo, kumwongezea mpinzani muda, kumpunguzia mkosaji muda, mpaka faini iliyotangazwa kabla, kumfungia raundi, na kumtoa kabisa. Uzito uko kwenye "iliyotangazwa kabla". Ya New York ilikuwa imetangazwa, na kwa maelezo ya FIDE waliotunga kanuni zile ni tume ya wachezaji wenyewe. Hoteli ya wachezaji ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Ukimwachia Carlsen, utamtazamaje usoni yule uliyemrudisha akavue raba?

Mchezaji: Naomba kutofautiana kidogo. Usawa ulikuwepo, sikatai. Ubaya uko kwenye aina ya adhabu. Piga hesabu: kila mtu ana dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60 unaweza kula dakika 50. Anayemaliza wa mwisho ana muda wa maji na msalani tu, tayari raundi nyingine imebandikwa. Kumwambia akabadilishe nguo katikati ya siku ni kumnyang'anya mapumziko, na kumfungia raundi ni kumnyima pointi ambayo hairudi. Tena si yeye peke yake anayeumia. Katika mfumo wa Uswisi, ambao kila raundi hukutanisha wenye pointi zinazokaribiana, watu wakilingana mwishoni, mara nyingi huangaliwa pointi za wapinzani waliocheza nao. Akitoka mchezaji mkubwa, wale waliokwishakutana naye hesabu yao inavurugika, na hakuna hata mmoja wao aliyevaa jinzi.

Ukaguzi wa nguo ufanyike mlangoni kabla ya raundi ya kwanza ya siku. Saa zikishawashwa, andika faini, mwache acheze. Kesho akija vilevile, asiingie.

Mwandaaji: Hilo la mlangoni nalikubali. Ila msijifanye hamjui pesa inatoka wapi. Mdhamini analipia ukumbi, mbao za kielektroniki na zawadi, halafu picha inayomrudia ni ya mtu kavaa kaptula na ndala. Mwaka wa pili hapokei simu.

Mchezaji: Mkuu, umetaja kaptula, basi tuimalize. Kombe la Dunia, Tbilisi, 2017: Anton Kovalyov wa Kanada alimtoa Viswanathan Anand wa India, bingwa wa dunia wa zamani, raundi ya pili akiwa na kaptula yake. Raundi mbili nzima hakuzuiwa. Ya tatu ndipo mwandaaji, Zurab Azmaiparashvili, alipomkabili dakika chache kabla ya mchezo, kukatokea maneno, Kovalyov akaondoka zake. Huyo mdhamini alipata picha gani? Kanuni inayolala raundi mbili ikaamka ya tatu ni ugomvi unaosubiri mtu.

Mchezaji wa kike: Mnabishana jinzi, sisi tunahesabiwa vifungo. Mwaka 2012 umoja wa chesi wa Ulaya ulitoa kanuni iliyoeleza kwamba kifungo cha juu cha shati, na cha pili yake, vinaweza kuachwa wazi. Sasa nani anasogea kukagua cha tatu? Mwaka 2017 ubingwa wa dunia wa wanawake ulichezwa Tehran kwa sharti la kujifunika kichwa, na Nazí Paikidze wa Marekani akagoma kwenda. Desemba 2022, Almaty, Sara Khadem wa Iran alicheza bila hijabu; maisha yake yakahamia Hispania. Neno "heshima" kwenye kanuni halina kipimo. Kwa mwanamume linaishia kwenye raba, kwetu linapanda hadi mwilini.

Mwamuzi: Nakubaliana na dada. Tutenganishe mambo. Kuna ukaguzi wa udanganyifu: kofia, miwani, mkanda unaolia kwenye kipima chuma. Sheria inaruhusu kukagua nguo na mwili faraghani, na anayekagua awe wa jinsia moja na mchezaji. Kwa hiyo mwenye hijabu anahitaji mwamuzi wa kike na chumba, hahitaji katazo. Kuna usumbufu: ibara ya 11.5 inakataza kumkera mpinzani kwa namna yoyote, na hiyo inatosha kwa fulana ya matusi. Kinachobaki ni mwonekano tu.

(Miwani isidharauliwe. Mwaka 1959 mchezaji Pal Benko alivaa ya giza ili kukwepa macho ya mpinzani wake, Mikhail Tal. Tal naye akaazima ya mchezaji mwenzao, Petrosian, akaivaa, akashinda.)

Mleta mada: Na mwisho wa sinema ya New York? Rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, alilegeza kanuni, jinzi inayoendana na koti ikapita. Carlsen akarudi kwenye ubingwa wa mchezo mfupi zaidi (blitz), ndani ya jinzi, akagawana ubingwa na Nepomniachtchi. Mwaka 2025 ile suruali iliuzwa mnadani dola 36,100 kwa ajili ya hisani. Faini mara 180.

Mwandaaji: Haya, tuandike ya kwetu. Mashindano ya wazi, Dar au Mombasa, joto lile, feni tatu ukumbi mzima. Tukinakili "koti na suruali ya kitambaa", mzee wa kanzu na kofia tunamtoza faini kwa kuvaa vizuri kuliko sisi sote. Napendekeza: chini ya goti kwa wote, mabega yafunikwe, hakuna ndala, na kwa mwamuzi kuwe na suruali tatu nyeusi za kuazima.

Mchezaji: Suruali sawa. Viatu je, utaweka namba 38 mpaka 46?

Mwandaaji: Basi ndala zipite, ila zisipigwe chini ya meza.