Filta ya maji ya nyumba nzima, nichukue ipi?

Wakuu, nataka kufunga filta pale bomba kuu linapoingilia, maji yanaacha utando mweupe kwenye birika na sabuni haitoi povu kabisa, fundi anasema ya kaboni inatosha, kweli?

— Hapana aisee. Huo utando ni chokaa, maji magumu hayo. Kaboni inapunguza klorini na harufu, chokaa inapita tu. Tafuta mtambo wa kulainisha maji, ule wa chumvi.

— Pima maji kwanza bana! Halafu kabla ya huo mtambo weka filta ya tope ya maikroni 5 (vitundu vidogo sana vya kunasa tope), yangu niliisahau miezi kibao, presha bafuni ikawa matone tu, kuifungua imekuwa kahawia kama chai 😂

— Kama ni kisima ongeza taa ya UV, ile inayoua vijidudu kwa mwanga, ila ikae mwisho, tope linaziba mwanga.