Viti vya nje na msimu wa mvua: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana nilichongesha seti ya mninga pale Keko, meza na viti vinne, nikaiweka uani Tabata. Masika ilipoanza Machi nikaifunika nailoni na kuikaza kwa kamba mpaka chini. Mei nafungua, ukungu umetapakaa, vanishi imebanduka, kiti kimoja miguu imeoza hata kidole kinazama. Iliniuma, nilidunduliza muda mrefu kwa ajili ya ile seti. Vuli ndiyo hiyo inakuja Oktoba. Wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Segerea
Pole sana, yalinikuta. Nailoni inazuia mvua, lakini unyevu unaopanda kutoka chini nao unakosa pa kutokea. Siku hizi nafunika turubai juu tu, pembeni naacha shibiri nzima upepo upite. Jua likichomoza, hata kwa saa mbili, nafunua. Mito inalala ndani. Sponji ikishakunywa maji kukauka ni kazi.

Fundi, Keko
Ugonjwa uko kwenye ncha za miguu. Pale mbao imekatwa kuvuka nyuzi zake, inafyonza maji kama mrija, na wengi wanapaka vanishi juu wakiacha chini mbao tupu. Pindua kiti, piga msasa, paka mikono mitatu mpaka ncha ishibe, kisha gongelea kipande cha mpira wa tairi. Mguu usikanyage udongo. Na fanya sasa, kiangazi hiki. Mbao ikiwa na maji ndani, vanishi haishiki.

Wa Kigamboni
Huku ufukweni hata bila mvua chumvi inakula chuma. Seti yangu ilianza kutu palipochomelewa. Nilikwangua kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta juu yake. Nikatoboa tundu dogo chini ya kila bomba, maana maji yakituama ndani kutu huioni mpaka kiti kivunjike. Kila Jumamosi nasuuza kwa maji ya bomba. Kisima chetu kina chumvi, sikitumii kwa hilo.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Fundi, ile miguu iliyooza ndiyo basi tena?

Fundi, Keko
Hapana. Kata mpaka ukutane na mbao nzima, yote minne iwe sawa. Kiti kitashuka kidogo tu. Mninga usiutupe, ndugu yangu.