Wanasimba, penalti huwa mnaangalia au mnatoka nje?

Bint_Msamvu

Habari za jioni wanalunyasi. Leo sina la usajili wala la kocha, nataka tupige stori tu. Hivi nyie mechi ikifika penalti mnaangalia au mnatoka?

Nauliza kwa sababu ile siku ya Al Masry, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tarehe 9 mwezi wa nne 2025, mimi nlitoka. Si mnakumbuka, kule kwao Misri tulipigwa 2-0, kwa Mkapa tukazirudisha zote mbili, sasa refa alivyopuliza tu filimbi ya dakika 90 nikasikia tumbo linakata, nikaenda uani nikageuza ndoo nikakaa. Saluni nimemuacha dada mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu nywele zimesimama, na yeye Simba kindakindaki, akawa anakuja mlangoni kila penalti ikipigwa kunipa habari. Kuongea hawezi, sauti imekauka, ananyanyua chanuo tu juu, mi nikiona chanuo limepanda najua mambo mazuri.

Halafu ng'ambo ya barabara kuna kibanda umiza, ukikaa uani unasikia kila kitu. Nimegundua kelele hazifanani jamani. Sisi tukifunga zinapanda moja kwa moja, ila kipa wetu akidaka kunakuwa na kimya kidogo hivi, kama watu wanahakikisha kwanza, ndo zinalipuka. Camara alivyodaka ile ya kwanza nlijua kabla chanuo halijafika mlangoni.

Tulishinda 4-1 na mpk leo zile penalti sijawahi kuziangalia hata kwenye marudio. Niambieni na nyie mnafanyaje.

Damu_ya_Mzunguko

Dada mi nlikuwa uwanjani na bado sikuangalia, yaani nimelipa tiketi yangu ya mzunguko, zile siti za bei ya chini, nimeingia tangu saa saba mchana jua la utosi, nimeimba mpk koo limeuma, penalti zimefika nikageuka nikawapa mgongo wachezaji nikawa naangalia watu.

Na sijutii. Kuna mzee mmoja alikuwa nyuma yangu kavaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, hatujuani kabisa, alinishika mkono huu wa kushoto akauminya kweli kweli, macho kafumba, midomo inacheza anasoma dua. Kila tukifunga anauachia kidogo halafu anaushika tena. Ya mwisho ilivyoingia akanikumbatia, akaniambia "mwanangu nenda kale, hujala wewe leo". Na kweli nlikuwa sijala. Sikumuuliza hata jina, kila nikienda kwa Mkapa namtafuta upande ule ule.

Mzee_wa_Mkulima

Wanangu hamjambo. Bint_Msamvu hilo swali lako limenirudisha mbali sana.

Nyie mna bahati ya kuchagua kuangalia au kutoka, sisi 2003 tulikuwa na redio, na redio huwezi kuipa mgongo. Zamalek ndo walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, hapa Dar tumewafunga 1-0, kule Cairo wakazirudisha hivyo hivyo 1-0, penalti. Nlikuwa kwetu Muheza, betri za redio yangu ya mkulima nimezianika juani toka asubuhi zipate nguvu, watu kama ishirini tumeizunguka redio moja uani na hakuna anayekohoa. Mawimbi yanakuja yanapotea. Mtangazaji anasema anakwenda kupiga... halafu kshhh. Hapo ndo utaijua presha, hujui mpira umekwenda wapi, mnaangaliana tu. Tulivyosikia Kaseja kadaka na Zamalek wametoka, marehemu mama yangu alikuwa jikoni akadhani kuna mtu kafa, akatoka na mwiko mkononi.

Ila na mimi kuna siku nlishindwa. 1993 fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Kule kwao tumetoka 0-0, mji mzima tukajua kombe letu, nikapanda basi kuja Dar, nikaingia Uwanja wa Taifa wa zamani, huu mnaouita Uhuru. Tukafungwa 2-0 mbele ya Rais Mwinyi. Goli la pili lilivyoingia nlikaa chini nikaangalia viatu vyangu mpk mwisho. Tulitembea kwa miguu mpk Kariakoo kundi zima na hakuna aliyefungua mdomo, hata wauza karanga walinyamaza.

Mnyama_Muscat

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ya betri juani nimeiona kwa babu yangu Pangani, asante sana.

Mimi nina langu na leo naomba nilitoe kwa sababu limenikaa moyoni. Huku Muscat naangalia kwa simu, na simu iko nyuma ya wenzangu wa king'amuzi karibu dakika nzima, ikikorofisha hata mbili. Sasa nyie mnaandika GOOOLI kwenye grupu wakati kwangu mpira ndo kwanza uko kwa beki. Goli la furaha sio neno, nawasamehe.

Lakini fainali ya kombe lile lile na Berkane ya Morocco, Mei 25, 2025. Kule kwao wametufunga 2-0, mechi yetu imehamishiwa Zanzibar, Mutale katupa goli dakika ya 17 nikaanza kuamini kweli. Kipindi cha pili Kagoma kapewa nyekundu tumebaki kumi na bado tunawasukuma. Nimekaa ndani ya gari la kazini, kiyoyozi nimezima ili nisikie vizuri, jasho linanitiririka, dakika za nyongeza nasema moja tu jamani, moja tu twende penalti. Simu ikatetemeka. Mtu kaandika "basi tena".

Kwangu hata kona haijapigwa. Nikakaa nikaangalia dakika nzima nikijua tunafungwa, naona vijana wanakimbia, wanajituma, wananyoosheana mikono, na mi najua tayari. Nlitamani niwaite. Wenzangu mlifungwa mara moja, mi nilifungwa mara mbili.

Jangwani_Jirani

Naombeni ruhusa watani, mi Mwananchi, shabiki wa Yanga, ila nasoma humu kila siku kwa sababu mke wangu ni wa kwenu.

Hiyo ya Muscat imenigusa kweli. 2023 sisi fainali na USM Alger, hapa tumefungwa 2-1, tukaenda kwao Algiers tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likaenda kwao kwa goli la ugenini. Umeshinda mechi na umelia. Siku ile mke wangu hakunitania hata kidogo, alipika chai akaweka mezani akakaa pembeni yangu akazima simu yake isiingize meseji za ndugu zake. Kwa hiyo Mei 25 na mimi nilifanya hivyo hivyo, nikapika chai mimi, na meseji za grupu letu la Yanga sikumsomea hata moja.

Jibu la swali: mke wangu penalti anaangalia, ila kasimama nyuma ya pazia, anachungulia kwa jicho moja.

Damu_ya_Mzunguko

Mtani karibu sana, msalimie shemeji... yaani dada yetu 😂

Mnyama_Muscat kaka, nina wasiwasi "basi tena" nliandika mimi. Nlikuwa Amaan siku ile, nimeandika nikiwa nalia, sikufikiria kabisa kuna mtu bado anaomba. Nisamehe kaka yangu.

Mnyama_Muscat

Hapana kaka, hakuna kinyongo. Wewe ulikuwa pale, ungefanya nini sasa. Nimesema tu ili mjue.

Bint_Msamvu

Jamani nimesoma hizi huku nasuka mteja na machozi yananitoka, ananiuliza dada vipi.

Nina pendekezo, mzee wetu na wengine mtasema kama mnakubali. Kuanzia mechi ijayo ya kimataifa mtu yeyote asiandike kitu kwenye grupu, si goli letu si lao, mpaka Mnyama_Muscat aandike yeye. Yuko nyuma kuliko wote, kwa hiyo akiandika tujue kila mtu ameshaona. Sisi wa king'amuzi na wa uwanjani tutavumilia hiyo dakika. Na mi ntakaa ndani, sitoki uani.

Mzee_wa_Mkulima

Naafiki. Na mimi wa redio huwa nawatangulia wote, kwa hiyo simu nampa mjukuu aniwekee.

Damu_ya_Mzunguko

Nimekubali, nikiwa mzunguko simu naitia kwenye soksi.

Mnyama_Muscat

Mmenipa kazi kubwa nyie. Basi naenda kutafuta bando la maana, nisije nikawachelewesha.